Mwendo wa Mawazo

Mwaka 1971 mwanasaikolojia R. C. Oldfield wa Edinburgh alichapisha maswali kumi ya kumpima mtu anatumia mkono gani. Unaandika kwa mkono upi? Unachora kwa upi, unarusha kitu kwa upi? Mkasi unaushika vipi, na mswaki, na kisu, na kijiko? Ukifagia, ni mkono gani unaokaa juu kwenye mpini wa ufagio? Ukiwasha kiberiti? Ukifunua kifuniko cha sanduku? Nusu karne na zaidi imepita na maswali hayo bado yanaulizwa katika hospitali na maabara nyingi duniani. Miongoni mwa wanaoulizwa ni watu wenye bipola, ugonjwa unaompandisha mtu hadi kwenye mania, siku za msisimko mkali, maneno mengi na usingizi haba, kisha ukamshusha kwenye sonona.

Mtu aliyelelewa kwetu akiyasoma maswali hayo atasita kwenye kijiko. Kwenye sinia la pilau mkono wa kushoto hauingii. Mtoto akiuingiza, bibi yake huurudisha kwa upole na mama yake kwa kofi. Kumpokea mgeni, kumpa mkubwa kitu, kushika kalamu: yote hayo yamekwisha kuamuliwa kabla mtoto hajajua kwamba ana mikono miwili yenye tabia tofauti. Darasa letu la kwanza lilikuwa na mtoto aliyeandika kwa kushoto, herufi zake nzuri kuliko za wengi wetu, na kila asubuhi rula ilishuka juu ya vidole vyake hadi kalamu ikahamia kulia. Mtoto wa namna hiyo akiwa mtu mzima anaweza kujibu “kulia” kwa maswali yote kumi ya Oldfield bila kusema uongo. Hesabu kubwa zaidi iliyowahi kufanywa, iliyojumlisha watu zaidi ya milioni mbili, inawaweka watu wa mashoto kwenye asilimia 10 na ushei. Penye rula na makofi idadi hiyo hushuka, ingawa bongo za watoto wanaozaliwa hapo ni zilezile.

Kwa nini basi daktari wa akili ahangaike na mkono ambao mgonjwa anashikia ufagio? Sababu ni ya zamani, na ina mantiki yake. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka chochote zaidi ya silabi moja, “tan”. Alielewa aliyoambiwa, alijua anachotaka kusema, lakini maneno hayakutoka. Alipofariki, Broca aliufungua ubongo wake na kukuta jeraha upande wa kushoto, mbele. Wagonjwa wengine wakafuata na jeraha likazidi kuonekana kushoto. Kufikia 1865 Broca alikuwa tayari kutangaza kwamba binadamu husema kwa nusu ya kushoto ya ubongo. Kwa kuwa nusu hiyo ndiyo inayouongoza mkono wa kulia, mkono ukaonekana kuwa ishara ya nje ya mpango wa ndani. Hakukuwa na mashine ya kumulika ubongo wa mtu aliye hai. Mkono ulikuwapo, unaonekana, na kuuangalia hakukugharimu kitu.

Ishara hiyo ni hafifu kuliko walivyodhani. Vipimo vilivyobuniwa na daktari Juhn Wada katika miaka ya 1940, vya kuilaza nusu moja ya ubongo kwa dawa kwa dakika chache ili kuona kama mtu ataendelea kusema, vilionyesha kwamba karibu watu wote wa mkono wa kulia wana lugha upande wa kushoto, na kwamba watu wa mashoto, takriban saba kati ya kumi, nao wanayo kushoto vilevile. Anayefikiri kwamba mtu wa mashoto ana ubongo uliopinduliwa amekosea kwa wengi wao.

Hata hivyo wazo la pande mbili halikuacha kuwavuta madaktari wa akili. Mwaka 1969 Pierre Flor-Henry alichapisha uchunguzi wa watu wenye kifafa ambao pia walipatwa na wazimu. Kifafa kilipoanzia upande wa kushoto wa ubongo, karibu na sikio, wazimu ulielekea kufanana na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia. Kilipoanzia kulia, ulielekea kufanana na mania na sonona. Baadaye wengine wakawatazama wagonjwa wa kiharusi na kusema kwamba jeraha la kushoto mbele huleta huzuni, na kwamba mania, katika visa vichache ilipotokea, ilifuata jeraha la kulia. Ramani ikaanza kuchoreka vizuri mno: huzuni huku, furaha kule. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha mapitio yaliyokusanya tafiti nyingi za kiharusi na sonona kwa pamoja, na uhusiano wa sonona na upande wa jeraha haukuonekana.

Na mikono yenyewe? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwachunguza watu 107 katika kliniki ya umma ya afya ya akili nchini Marekani. Miongoni mwa wenye skizofrenia na maradhi ya jamii yake, asilimia 40 waliandika kwa mkono wa kushoto. Miongoni mwa wenye maradhi ya hisia, bipola ikiwamo, walikuwa asilimia 11, karibu sawa na watu wote. Kundi hilo ni dogo na halitoshi kujenga nyumba juu yake, lakini linalingana na tafiti nyingine kwa jambo moja: penye skizofrenia mkono una la kusema, na kwenye bipola sauti yake ni ndogo na yenye kujipinga. Upendeleo wa mkono wenyewe huanza mapema sana. Peter Hepper na wenzake wa Belfast walitazama kwa mashine ya picha watoto walio tumboni wakinyonya dole gumba, tangu wiki ya 15 ya mimba, wengi wao dole la kulia. Miaka ilipopita waliwafuata watoto 75 kati yao. Wote 60 waliokuwa wakinyonya la kulia walikuwa wa mkono wa kulia. Kati ya 15 waliokuwa wakinyonya la kushoto, kumi walikuwa wa mashoto. Rula ya mwalimu, kumbe, hupambana na jambo lililokwisha kuanza kabla mtoto hajauona mwanga. Mzazi mwenye mtoto wa mashoto asiogope kwamba anamlea mgonjwa wa akili. Hakuna kitu cha namna hiyo ndani ya mkono.

Nadhani tumekawia mno kwenye mkono. Tumeutazama kwa sababu unaonekana. Kitu kinachowaumiza watu wenye bipola siku hadi siku, hata wakati wamepona na kila mtu anasema wamepona, hakionekani kwa macho, nacho ni mwendo wa mawazo.

Emil Kraepelin, daktari wa Kijerumani aliyeupa ugonjwa huu umbo lake katika kitabu chake cha mafunzo mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa mwanafunzi wa Wilhelm Wundt huko Leipzig, katika maabara ambamo watu walipimwa kwa saa zenye kugawa sekunde hadi sehemu zake elfu. Neno linasomwa, mtu anajibu, muda unaandikwa. Kraepelin alipima wepesi wa akili baada ya pombe, baada ya chai, baada ya uchovu. Alipokwenda kwa wagonjwa alikuwa na sikio la mwendo. Aliona kwamba ugonjwa huu unagusa vitu vitatu: hisia, mawazo na nguvu ya kutenda. Katika mania vyote vitatu hupanda, na katika sonona vyote hushuka. Lakini aliona pia, akisaidiwa na Wilhelm Weygandt, kwamba mara nyingi vitu hivyo haviendi pamoja. Kuna mgonjwa mwenye huzuni ya kutaka kufa na mawazo yanayokimbia usiku kucha. Kuna mgonjwa mwenye furaha tele na mawazo machache, mazito, yanayojirudia. Hali hizo aliziita za mchanganyiko. Kwangu hapo ndipo alipoona mbali kuliko wote waliotafuta kushoto na kulia, kwa sababu alikubali kwamba hisia na mwendo vinaweza kuachana ndani ya mtu mmoja. Ndugu wa mgonjwa waliowahi kukesha naye wanaijua hali hii. Wanaona mtu analia, hajalala siku tatu, na bado anatembea chumba kizima akiongea, na hawaelewi kama wamwite mwenye huzuni au aliyepandwa na wazimu.

Mania yenyewe ina fumbo ndani ya mwendo wake. Mtu husema mawazo yake yanakimbia, na anayemsikiliza huamini, maana maneno yanatoka bila nukta. Gustav Aschaffenburg, aliyefanya kazi na Kraepelin huko Heidelberg, aliamua kupima. Aliwasomea wagonjwa maneno na kuandika ni neno gani linawajia na baada ya muda gani. Majibu ya watu wenye mania hayakuja upesi kuliko ya watu wengine. Kilichobadilika ni kamba inayounganisha neno na neno. Maana ilipoteza nguvu na sauti ikashika hatamu, neno likaita neno kwa sababu ya mlio wake. Sisi tuliolelewa na vina na mizani tunaweza kulifahamu jambo hili kwa undani. Mshairi huketi akitafuta kina, akakataa kumi na kukubali kimoja kwa sababu maana imesimama. Katika mania kina hakingoji kukubaliwa. Kinamchukua msemaji na kumpeleka kinakotaka, na kinachofuata kinamchukua tena. Msikilizaji anasikia kasi. Majaribio ya siku zetu yanaelekea hukohuko: mwenye mania akiwekwa mbele ya kazi inayotaka umakini hukosea zaidi, na mara nyingi hachukui muda mfupi kuliko wengine.

Lakini kasi anayoihisi mgonjwa si uongo, nayo ina nguvu zake. Mwaka 2006 wanasaikolojia Emily Pronin na Daniel Wegner walichapisha jaribio ambalo sijalisahau. Waliwafanya wanafunzi wa chuo wasome sentensi kwa kasi kubwa kuliko kawaida au polepole kuliko kawaida. Waliosoma kwa kasi walijisikia wachangamfu, wenye nguvu, wenye kujiamini, hata pale sentensi zenyewe zilipokuwa za huzuni. Mwendo peke yake ulinyanyua moyo. Nikilifikiria hili naelewa kwa nini watu wenye bipola huikumbuka mania kwa hamu, na kwa nini wengine huacha dawa wakiwa wazima. Wanaambiwa warudi kwenye ukawaida, na ukawaida kwao unafika kama kutembea kwa kuburuta miguu katika njia waliyozoea kwenda mbio. Kuwalaumu kwa hamu hiyo ni kutowafahamu.

Kuna mtafiti mmoja aliyejaribu kuzifunga habari za pande mbili na habari za mwendo katika fundo moja. Jack Pettigrew wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, pamoja na Steven Miller, walichapisha mwaka 1998 jaribio hili: jicho la kushoto laonyeshwa mistari ya namna moja, jicho la kulia mistari ya namna nyingine. Ubongo hauichanganyi. Unaona hii, kisha unaona ile, kisha hii tena, ikipokezana baada ya sekunde chache bila wewe kutaka. Kwa watu wenye bipola kupokezana huko kulikuwa kwa polepole, hata walipokuwa wazima. Maabara nyingine ziliporudia kupima ziliona polepole hiyohiyo. Pettigrew akatoa wazo kubwa: kwamba nusu mbili za ubongo hupokezana uongozi, na kwa mwenye bipola swichi ya kuzibadilisha imeganda, ikikwama kushoto, mania, ikikwama kulia, sonona. Maelezo yake hayajakubaliwa na wengi. Lakini kipimo chenyewe kimebaki, nacho ni kipimo cha mwendo. Kwa hiyo hata aliyekwenda kutafuta upande, alichokirudisha mkononi ni muda.

Picha za ubongo nazo zina lao kuhusu pande mbili. Mwaka 2018 mradi wa kimataifa wa ENIGMA ulilinganisha bongo za watu wazima 2,447 wenye bipola na za watu 4,056 wasio nayo. Gamba la ubongo lilikuwa jembamba kidogo kwa wenye ugonjwa, mbele na pembeni, pande zote mbili, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kushoto. Mojawapo ya sehemu zilizoongoza kwa wembamba imo katika eneo lilelile ambalo Broca alilionyesha kwa ubongo wa Leborgne. Tena, waliokuwa wakitumia lithiamu, dawa ambayo John Cade wa Australia aliigundulia matumizi haya mwaka 1949, walikuwa na gamba nene zaidi. Tofauti hizo ni ndogo, haziwezi kumtambua mtu mmoja mmoja, na hakuna daktari anayeweza kuitazama picha yako na kusema una bipola. Zinaeleza kundi tu.

Sasa nije kwenye linalonigusa zaidi. Kuna mtihani wa karatasi unaotumika kupima kasi ya akili: tarakimu zimepangwa na alama zake, nawe unajaza alama chini ya kila tarakimu, nyingi iwezekanavyo kwa dakika moja na nusu au mbili. Mwingine unakutaka uunganishe kwa mstari namba moja hadi 25, halafu namba na herufi kwa zamu, 1, A, 2, B. Mtoto wa shule anaweza kuufanya. Watu wenye bipola, wakipimwa wakati hawana mania wala sonona, kwa wastani huchukua muda mrefu kuliko wenzao. Matokeo haya yamerudiwa katika tafiti nyingi mno. Sababu ni kadhaa na zimefungamana: ugonjwa wenyewe, idadi ya mara ulizomwangusha mtu, huzuni ndogo iliyobaki ambayo hakuna aliyeiona, usingizi mbovu, dawa za kutuliza, na pengine tezi ya shingoni iliyozorota kwa sababu ya lithiamu, jambo linalotambulika kwa kipimo cha damu na kutibika. Hawapungukiwi akili. Wanaelewa, wanahukumu, wanakumbuka maisha yao. Wanafika, lakini wanafika baadaye kidogo.

Na waangalie ni akina nani. Mwaka 2010 James MacCabe na wenzake walichapisha uchunguzi wa vijana zaidi ya laki saba wa Sweden. Waliopata alama za juu kabisa shuleni wakiwa na miaka 16 walikuwa na uwezekano wa kuja kulazwa kwa bipola karibu mara nne ya wale wa alama za wastani. Wenye alama za chini kabisa nao walikuwa na hatari iliyozidi, ingawa si kwa kiasi hicho. Ugonjwa huanza mara nyingi mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa utu uzima. Huku kwetu ni umri wa kidato cha sita na mwaka wa kwanza wa chuo, wakati ambapo ukoo mzima umechangia ada ya mmoja. Ndipo husemwa amesoma mno hadi akachanganyikiwa, au kwamba jirani mwenye husuda ametenda jambo. Kitabu hakijamtia mtu bipola, na jirani hajui hata ugonjwa huo unaitwaje. Lakini lipo la kweli katika masimulizi hayo: mtu aliyekuwa wa kwanza darasani anarudi kutoka hospitali, wazimu umetulia, macho ni yake, na anachukua muda kujibu swali dogo la shangazi yake.

Shangazi anangoja kidogo, kisha anamjibia. Baba anasema amekuwa mvivu. Mwajiri anasema tulikuvumilia ulipokuwa mgonjwa, na sasa umepona, tatizo ni nini? Hapo ndipo watu wengi wenye bipola hupoteza kazi na masomo, katika miezi ya utulivu ambayo hakuna anayeihesabu kuwa ugonjwa. Wakati wa mania jamaa walikuja kwa wingi, wakakodi gari, wakashika miguu na mikono, wakamfikisha wodini. Polepole ya baadaye hakuna anayeikodia gari. Yeye mwenyewe anaiona vizuri kuliko wote. Anakumbuka alivyokuwa, anajilinganisha, na aibu hiyo inamrudisha kitandani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 waliishi na bipola. Kwa watu hao swali la mkono gani wanaandikia ni la kuvutia kisayansi na wacha waulizwe. Linalowahusu maishani ni swali la muda. Mabaraza yetu ya mitihani tayari humwongezea muda mtahiniwa asiyeona, na hakuna anayesema ameibiwa haki. Kijana aliyerudi kutoka wodini anastahili dakika hizohizo, na maelekezo ya kazi yaliyoandikwa badala ya kutupwa kwa mdomo akiwa mlangoni, na kazi moja kwa wakati mmoja katika miezi ya mwanzo. Kliniki zetu zinaweza kupima kasi hiyo kwa karatasi, kalamu na saa. Hazihitaji mashine ya mamilioni. Ndugu msomaji, ukiwa na mtu wa namna hii nyumbani, msihi aendelee na dawa na apimwe damu kwa wakati, na akiona dawa inampumbaza aende kwa daktari ibadilishwe, asiiache peke yake. Na umuulizapo jambo, usimjibie. Mngoje amalize.